Uzoefu wangu na urasimishaji Kimara: bikoni ninazo, hati bado

Naandika kwa ajili ya wenye nyumba ambao mtaa wao unajiandaa kuingia kwenye urasimishaji shirikishi, yaani wakazi kuchangia gharama ili viwanja walivyojenga bila kupimwa vipimwe na vipate hati ya kumiliki ardhi. Sisi huku Kimara, Dar es Salaam, tulichangia shilingi 150,000 kwa kiwanja, kampuni binafsi ikaja kutupimia. Kabla ya hapo nilikuwa na karatasi ya mauziano tu, yenye muhuri wa serikali ya mtaa, kama majirani zangu wengi.

Siku ya mipaka ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Wapima hawakugusa kifaa mpaka tunaopakana tulipofika wote, na mjumbe wa shina akiwepo. Kwa nyuma napakana na mzee mmoja ambaye tumevutana naye tangu mnyaa wa zamani ulipokatwa. Kijana wa upimaji akamuuliza, "Mzee, mnyaa ulikuwa wapi?" Mzee akatembea polepole, akapapasa majani kwa mguu hadi akakanyaga kisiki. "Mama Neema, ni hapa au si hapa?" Nikamjibu, "Ni hapo hapo, baba." Bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, ikasimikwa, zege likamwagwa, tukasaini fomu wote wawili. Ugomvi wa miaka uliisha mchana ule, na kwa hilo peke yake siijutii pesa yangu.

Baada ya hapo kazi ikalala. Mchoro wa mipangomiji unatakiwa upitishwe, kisha ramani ya upimaji isajiliwe, ndipo mtu aombe hati na kulipia tozo zake. Tumekwama katikati. Kampuni haipokei simu, na wapo waliolipa hadi shilingi ya mwisho ila wakiitafuta ramani, viwanja vyao havimo. Hao wana haki ya kukasirika, na mimi nimekasirika pamoja nao.

Wako wanaoniambia bikoni inatosha. Haitoshi. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia huku Kimara hadi Kiluvya, kwa sababu ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ya mita 121.5 kila upande. Waliovunjiwa walikuwa wakielewana na majirani zao vizuri kabisa. Bikoni inanilinda kwa mzee wa nyuma; ikija alama ya X nyekundu ukutani, ya nyumba inayotakiwa kuvunjwa, nahitaji kitu ambacho serikali yenyewe imekiandika.

Kwa hiyo naona Umoja wa Mataifa wamepima vizuri kwenye kiashiria 1.4.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu. Wanahesabu watu wazima wenye nyaraka zinazotambulika kisheria, halafu wanauliza pia kama mtu mwenyewe anaiona haki yake iko salama, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Utafiti wa Prindex, mradi unaopima jinsi watu wanavyoona usalama wa haki zao za ardhi na nyumba, uliogusa nchi 140, ulikadiria mwaka 2020 kwamba watu wazima karibu bilioni 1 wanahofia kupoteza ardhi au nyumba zao ndani ya miaka mitano. Wao humhoji mtu mmoja mmoja, hawamwachii baba mwenye nyumba aseme kwa niaba ya wote.

Mtaani kwetu kuhojiwa hivyo kungeonyesha mengi. Aliyekuja kujaza fomu aliandika jina la mume wangu, akataka kufunga faili. Nikamuuliza kama jina la pili, langu, linaingia. Linaingia, nafasi ipo, ila hakuwa ameitaja, wala hakuitaja alipofika nyumba ya jirani ambako mama ndiye aliyenunua kiwanja kwa pesa ya genge lake. Jina lake halimo hadi leo. Mume akifariki, ndugu wakaja na madai yao, bikoni zile hazitamtaja.

Naipa huduma hii 3 kati ya 5. Kama kwenu haijaanza, mlipe kwa awamu: sehemu mkianza, sehemu mchoro ukipitishwa, na iliyobaki ramani ikishasajiliwa na kila mmoja ameona namba ya kiwanja chake. Na wakina mama, siku ya fomu msiende sokoni. Kaeni nyumbani, mjiandikishe.