Meli yetu ya Kigoma ndani ya riwaya, na vitabu vingine viwili vya zamani

Mwakeye, ndugu zangu wa Kigoma! Na ninyi mnaotutazama kutoka mbali, karibuni sana. Leo nimekuja Kibirizi, ufukweni. Nyuma yangu kuna mafundi wa boti, kwa hiyo mkisikia nyundo inagonga msishangae. Nimeitaka sauti hiyo iwepo, na mtajua kwa nini.

Nina vitabu vitatu hapa: kimoja cha safari na hatari, kimoja cha maisha ya kale, kimoja cha kuchekesha. Naanza na cha safari kwa sababu kinatugusa sisi wenyewe. Kinaitwa The African Queen, kimeandikwa na Mwingereza C. S. Forester, kikatoka mwaka 1935. Hiki nilicho nacho ni cha Kiingereza, na mtu aliyemaliza sekondari atakwenda nacho vizuri.

Vita Kuu ya Kwanza imeanza. Rose, dada wa mmisionari, amefiwa na kaka yake. Anaondoka na fundi mmoja anayeitwa Allnutt kwenye boti chakavu la mvuke, wanateremka mto hadi ziwani, na nia yao ni kuizamisha meli ya Wajerumani. Kitabuni meli hiyo inaitwa Königin Luise. Ndugu zangu, hiyo ni Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika! Ni meli hii hii ambayo bibi zetu walipanda kwenda Kalema na Kasanga.

Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka hapa Kigoma. Ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia Afrika Kusini, zikakokotwa nchi kavu hadi ziwani. Zilipambana na meli nyingine za Wajerumani, lakini hii kubwa hazikuizamisha. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka injini grisi nyingi ili zisioze. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Fikiria, miaka chini ya maji, kisha ikabeba abiria na magunia ya dagaa! Riwaya inamaliza kivyake. Sitawaharibia utamu.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Boti limegonga mwamba, shafti, yaani chuma kinachozungusha propela, imepinda, na bawa moja la propela limekatika. Hakuna gereji, hakuna spea, wako wawili tu porini. Allnutt anaona haiwezekani. Rose hakubali. Wanapiga mbizi kuichomoa shafti, wanawasha moto ukingoni, chuma kinapashwa na kunyooshwa kidogo kidogo, kinapimwa, kinarudishwa motoni. Kurasa nyingi ni kazi hiyo tu, na sikuchoka hata kidogo. Nilimsimulia fundi mmoja wa hapa, akaweka nyundo chini akaniuliza, "Na mkaa wa kulainisha shafti nzima waliupata wapi?" Swali kama hilo ndilo linanifanya nikiheshimu kitabu hiki. Kazi imeandikwa hatua kwa hatua mpaka fundi wa kweli anaweza kubishana nayo.

Lakini kina kasoro, na inaniuma. Sisi hatumo. Wanakijiji wanachukuliwa na jeshi la Wajerumani mwanzoni kabisa, na baada ya hapo ni mto, mbu na wazungu wawili. Halafu mto wenyewe unaitwa Ulanga. Ulanga ninaoujua mimi maji yake yanaingia Rufiji na kumwagika Bahari ya Hindi, haufiki huku kwetu. Kwa hiyo usikisome ukitafuta ramani.

Ndiyo maana nakiambatanisha na kitabu cha pili, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Jina lake ni refu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mzee alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Humu kila mtu yuko kwao. Myombekere na mkewe wanapendana ila hawajapata mtoto, maneno ya ndugu yanazidi, wakwe wanamchukua binti yao. Mume anakwenda kumwomba arudi, na anadaiwa pombe ya ndizi. Kinakwenda polepole, sikufichi. Mgeni akifika hakuna anayerukia shida yake: kwanza salamu, kiti, habari za nyumbani, tena salamu. Mtu aliyekulia Buha, huku kwetu Kigoma, anayejua kupiga makofi taratibu huku akimwamkia mkubwa wake, ataona kama yuko uani kwa babu. Nakuomba usiruke kurasa hizo.

Cha tatu ni Hekaya za Abunuwasi, na hapa sina maneno mengi, wengi mnakijua. Wasomee watoto ile hekaya ya tajiri anayemdai maskini malipo ya harufu ya chakula. Abunuwasi anamlipa kwa mlio wa fedha, basi. Wadogo zangu walinirudisha ukurasa ule mara tatu usiku mmoja.

Ukinunua vitabu hivi vikiwa vimetumika, vifungue kabla ya kulipa, hesabu kurasa. Mimi niliuziwa Abunuwasi ambaye kurasa za katikati hazikuwemo. Na cha Kitereza ni mabuku mawili. Hili la kwanza ni langu, la pili niliazima na nimeshalirudisha kwa mwenyewe. Aliye nalo la kuuza aniandikie hapo chini, nitalifuata hata Kasulu.