Time.timeScale ya Unity: tamu kwa gemu nzima, chungu kwa kitu kimoja

Kwa namba moja tu, Time.timeScale hutawala mwendo wa gemu nzima iliyotengenezwa kwa Unity, programu ya kuundia gemu: 1 ni kawaida, 0.5 ni nusu, 0 ni kusimama. Andika mstari mmoja, na risasi, moshi na wahusika wote wanatambaa. Urahisi huo unastahili sifa, ila kuna kazi ambazo haikufanyii.

Kubwa ni fizikia. Unity hupiga hesabu zake kila baada ya sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde, lakini sekunde hizo ni za ndani ya gemu. Ukishusha timeScale hadi 0.1, zinabaki hesabu 5 kwa sekunde halisi, na mpira unaorushwa unakwenda kwa kushtukashtuka. Dawa ni kufupisha hatua ya hesabu hizo kwa kuandika Time.fixedDeltaTime = 0.02f * Time.timeScale kila unapopunguza kasi na kila unapoirudisha. Usitumie *= (kuzidisha thamani iliyopo) hapo: thamani iliyokwishakatwa itakatwa tena, na mwishowe prosesa italemewa. Ukiogopa mzigo huo, washa Interpolate, inayolainisha mwendo kati ya hesabu mbili, kwenye Rigidbody, yaani kijenzi kinachokitia kitu kwenye fizikia. Usahihi wa migongano hauongezeki, lakini macho yanaridhika. Godot, programu nyingine ya kuundia gemu, imelitatua hili vizuri zaidi: Engine.time_scale ikishuka, idadi ya hesabu kwa sekunde halisi haipungui, hatua ndizo zinazokuwa fupi.

Kurudi kwenye mwendo wa kawaida nako kuna mtego. WaitForSeconds(2), amri ya kusubiri sekunde 2 kabla ya kuendelea, chini ya timeScale ya 0.2 huchukua sekunde 10 halisi, na chini ya 0 haimaliziki kamwe. Tumia WaitForSecondsRealtime, inayohesabu sekunde halisi. Menyu nazo zisigande: zitegemee Time.unscaledDeltaTime, yaani muda wa fremu usioguswa na timeScale, na Animator zake, vijenzi vinavyoendesha uhuishaji, ziwekwe Unscaled Time.

Sauti haiguswi kabisa. Mlio wa mlipuko huisha moto ukiwa bado unapanuka. Shusha mwenyewe pitch (kasi na kimo cha mlio) ya AudioSource, kijenzi kinachocheza sauti, tena kwa kiasi, maana ikifika 0.2 masikio hayatambui tena ni mlio wa nini.

Faida ya timeScale isiyotajwa sana ni kuumbua msimbo mbovu. Weka 0.2 na utazame: kitu kinachoendelea kukimbia kama kawaida ndani ya Update, sehemu ya msimbo inayoendeshwa kila fremu, huenda mwendo wake haukuzidishwa na Time.deltaTime, yaani muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Kitu hicho kikisogea 0.1 kila fremu, kitakwenda 6 kwa sekunde kwenye fremu 60 na 14.4 kwenye fremu 144.

Udhaifu halisi unaonekana pale mchezaji anapotakiwa akimbie huku maadui wakitambaa. Unreal, mshindani wa Unity, ina CustomTimeDilation, kipimo cha mwendo kwa kila Actor, yaani kila kitu kilichomo kwenye gemu. Unity inakuachia utengeneze kipimo chako kwa kila adui, ukizidishe na deltaTime, kisha ukiingize kwenye Animator.speed. Rigidbody ndiyo inayosumbua. Ukipunguza velocity hadi nusu, uvutano wa adui huyo lazima ushuke hadi robo, la sivyo ataanguka kabla ya kufika alipokusudiwa.