Zoom kwa tunaofanyia kazi nyumbani: sauti poa, kamera inachosha

Zoom, ile programu ya mitingi ya video mtandaoni, naitumia kila siku ya kazi na upande wa sauti sina neno. Mtandao ukisuasua picha inaganda ila sauti mara nyingi inapita, na hapo ndo pa muhimu maana mitingi inaenda bila sura ya mtu lakini bila sauti hamna kitu. Sauti tupu inataka kama kilobiti 60 mpaka 80 kwa sekunde, video safi ya watu wawili inafika 600, kwa hiyo mwenye bando dogo zima kamera wala usione aibu.

Zoom ya bure inakata mitingi ikifika dakika 40, watu wanalalamika, mi naipenda hivyohivyo, mkijua muda unaisha mnaacha kuzunguka mbuyu.

Sasa kamera. Kujitazama sura siku nzima kunachosha jamani! Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kuhusu huo uchovu 2021: nyuso za watu zinakuwa karibu mno, unajiona muda wote, mwili hausogei, na ubongo unahangaika kusoma ishara ambazo mkiwa ana kwa ana unazipata bila kufikiria. Nafuu ipo, bonyeza zile nukta tatu kwenye picha yako uchague kujificha, wenzako wanaendelea kukuona ila we hujioni. Wengi hawaijui hii na kwa maoni yangu ingekuja imewashwa toka mwanzo.

Kinachoniuma zaidi ni mtu mpya kazini. Ofisini mnatoka kwenye kikao mnatembea, mtu anakwambia lile ulilosema pale sivyo, njoo nikuonyeshe. Huku Zoom mwenye kikao akifunga tu, wote mmepotea, na swali dogo nani ataliitishia mitingi? Basi mgeni anakaa nalo, anakosea peke yake. Hata kampuni ya Zoom yenyewe, Agosti 2023 iliwaambia wafanyakazi wanaoishi kama kilomita 80 au chini ya hapo kutoka ofisini waende siku 2 kwa wiki.

Nyota 4 kati ya 5. Timu inayojuana tayari, chukueni bila wasiwasi, utulivu wa nyumbani na kuepuka foleni ya asubuhi ni raha kweli. Mkiwa na mgeni, mpeni mtu mmoja wa kumpigia saa yoyote ya kazi bila kupanga, sauti tu inatosha.