Uzoefu wangu: Seiko ya kuzamia ya marehemu baba na fundi wa Majengo, Dodoma

Saa ya marehemu baba ilikaa miaka minne kwenye kabati langu bila kwenda. Ni Seiko 6309-7040, saa ya kuzamia ambayo wapenzi wa saa huiita kobe kwa sababu ya gamba lake pana lililoviringana pembeni. Baba aliinunua kwa baharia mmoja alipokuwa akifanya kazi bandarini Tanga, kisha akahamia nayo Dodoma, ambako hakuna bahari ya kuzamia, na ile pete ya dakika iliyotengenezwa ili mzamiaji ajue amekaa chini ya maji muda gani yeye akaifanya ya kupimia wali uliopaliwa makaa juu ya mfuniko.

Namba iliyochongwa mgongoni mwake inaanza na 83. Kwa Seiko za wakati ule tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi, hivyo inaweza kuwa ya Machi 1978 au ya Machi 1988, kwa kuwa toleo hili lilitengenezwa tangu 1976 hadi 1988. Kilichoamua ni picha ya mwaka 1981 ambayo baba ameegemea baiskeli, na saa inaonekana wazi mkononi mwake.

Kabla ya kumfikia fundi ninayemwandika hapa, nilikuwa nimempelekea mwingine, ambaye sitamtaja. Huyo alizungusha kifundo cha kutilia majira, akaona hakikazi, akatangaza kwamba ufunguo umekatika na kwamba mashine yote ibadilishwe iwekwe ya betri. Nilipokataa, aliifungua kwa koleo, akaacha mikwaruzo miwili mirefu mgongoni, akapaka gundi mahali pa mpira wa kuzuia maji, akadai shilingi 40,000. Saa ilitembea siku tatu ikasimama, na asubuhi za baridi za mwezi Julai ukungu ukawa unatanda ndani ya kioo kila ninaponawa mikono.

Fundi wa pili anakaa jirani na soko la Majengo, kwenye meza ndogo yenye kisanduku cha kioo, na umri wake nadhani unaizidi saa yenyewe. Nilimtazama kwa makini alipoipokea. Hakugusa kifundo hata kidogo. Aliilaza kiganjani, akaitikisa polepole kama mtu anayepembua mchele, akaiweka sikioni, ndipo akaniambia, "Mwanangu, saa hii haijafa, imekauka tu." Kisha akanieleza jambo ambalo lingeniokolea shilingi 40,000: mashine ya 6309 haitiwi ufunguo kwa kifundo, kwa maana ndivyo ilivyoundwa. Ndani yake mna kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotikisika, nacho ndicho kinachoikaza kamani, yaani ule utepe wa chuma uliosokotwa unaoiendesha saa. Ukizungusha kifundo mpaka kesho, hakitakaza kitu.

Alifanya jaribio moja mbele yangu ambalo sikuwahi kuliona. Aliipasha saa joto kwa kuiweka juani juu ya kitambaa cheusi, na kwa jua la Dodoma hilo halikuchukua muda, kisha akadondosha tone moja la maji baridi katikati ya kioo. Upande wa ndani, chini ya lile tone, papo hapo pakatokea duara la ukungu. "Maji yamo," alisema, akaandika kwenye daftari lake.

Kisha akaniuliza swali lililonifanya nimwamini: je, ninataka saa ing'ae kama mpya, au ibaki ile ile? Alinifafanulia kwamba gamba la saa hii lina mistari myembamba iliyochanwa kiwandani kwa mpangilio, na kingo kali kati ya sehemu iliyochanwa na iliyolainishwa, na kwamba msasa ukishapita hapo kingo hazirudi. Vilevile rangi ya nukta za usoni, ambayo zamani iling'aa gizani na sasa imegeuka ya maziwa yaliyoungua, ikipakwa upya saa itakuwa na uso wa mtu mwingine. Niliamua gamba lisiguswe, uso usiguswe, mishale isibadilishwe. Kioo tulikibadilisha, kwa kuwa ni cha madini wala si cha plastiki, na mkwaruzo uliozama kwenye kioo cha namna hiyo hausuguliki ukatoka kirahisi. Cha zamani alinirudishia kikiwa kimefungwa kwenye karatasi.

Kazi kubwa ilikuwa ndani, nami aliniruhusu kukaa asubuhi nzima nikitazama. Pete ya dakika ilikuwa haizunguki. Alizungushia gamba utepe wa karatasi ili lisikwaruzwe, akaibandua kwa kijembe, na kilichokuwa chini yake kilikuwa tope gumu jekundu la vumbi na jasho la miaka mingi, ambalo lilitoka kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki. Alisema saa za hapa Dodoma huuawa na vumbi kuliko maji. Mashine aliifungua kipande baada ya kipande, akavipanga kwenye kisahani chenye vyumba, akavisafisha kwa dawa, kisha akatia mafuta upya. Nilidhani mafuta ni mafuta. Kumbe vijiwe vyekundu vinavyopunguza msuguano wa magurudumu, ambavyo katika mashine hii ni 17, hutiwa mafuta mepesi kwa ncha ya waya mwembamba kuliko sindano, tone lisiloonekana bila lenzi, ilhali ndani ya kasha la kamani hupakwa grisi nzito. Sababu ni kwamba kamani ya saa inayojijaza yenyewe haikufungwa kwenye ukuta wa kasha lake. Ikishajaa inapaswa kuteleza kidogo ili isikatike, na grisi hiyo ndiyo inayoamua iteleze wakati gani. Ya saa yangu ilikuwa imekauka ikawa unga, kwa hiyo kamani ilikuwa ikiteleza kabla ya kujaa.

Baadaye aliiweka kwenye mashine inayosikiliza mapigo. Saa hii hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kila sekunde, na mistari kwenye kioo cha mashine ilipotulia nilishusha pumzi. Nimeipima mwenyewe kwa wiki tatu: inakimbia sekunde nane hivi kwa siku, na nikiivua inaendelea kwa saa 44. Kabla ya hapo haikuwa ikifikisha 20.

Yasiyoniridhisha yapo. Aliahidi wiki moja, zikawa tano, kwa sababu mipira ya kuzuia maji iliagizwa Dar es Salaam, na ya kwanza iliyoletwa kwa basi haikuwa saizi yake. Hakunipigia simu hata mara moja; mimi ndiye niliyekuwa nikipita kuuliza. Tena hana chombo cha kupimia shinikizo. Usoni pameandikwa mita 150, lakini yeye mwenyewe alinionya kwamba kwa matengenezo yake nihesabu mvua na kunawa mikono tu, na anayetaka kuzamia nayo akaipime kwanza kwingine. Mimi nilimheshimu zaidi kwa kusema hivyo, ingawa mtu aliyelipa shilingi 180,000 ana haki ya kutamani zaidi.

Alinipa pia onyo moja: nisibadilishe tarehe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa kuwa wakati huo meno yanayosukuma tarehe na siku yameshashikana, na kulazimisha huyavunja. Siku zenyewe zimeandikwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kihispania, na baba aliipenda ya pili. Kwa hiyo Jumatatu yangu sasa inasomeka LUN, nami nimeiacha hivyo.

Mikwaruzo miwili ya koleo bado ipo mgongoni. Bado pia haijapatikana ile nukta ndogo ya kung'aa inayokaa kwenye pembetatu ya pete, ambayo ilikuwa imedondoka kabla saa haijafika kwake. Ameniambia nipite baada ya sikukuu.