Ndani ya IST ya zamani: pesa yako ianzie wapi

Toyota IST za kwanza, zile za 2002 hadi 2007, nyingi injini bado inadai lakini ndani pameshachoka: siti ya dereva imebonyea, kitambaa cha dari kinaning'inia, redio inashika stesheni mbili tatu. Orodha hii imepangwa kwa kuangalia nafuu unayoipata kwa kila shilingi. Vitz na Raum za miaka hiyo hazitofautiani sana kwa mbinu.

Kabla hujanunua chochote, gandamiza kapeti miguuni kwa abiria wa mbele. Likitoa maji, chunguza bomba la kutolea maji ya AC, mara nyingi huwa limeziba, halafu angalia raba za milango. Kapeti jipya juu ya maji litaozesha bati la sakafu, na uvundo wake hautolewi na pafyumu yoyote. Siti zisafishwe kwa povu na brashi, si kwa mpira wa maji. Sponji inakunywa maji, na kwa unyevu wa Dar au Mombasa itakaa siku kadhaa bila kukauka, kisha iote ukungu.

1. Sponji ya siti ya dereva

Hapa ndipo pesa inapolipa kuliko pengine popote. Watu hukimbilia kava, lakini kava zuri juu ya sponji iliyokufa litakunjamana baada ya muda mfupi na mgongo utaendelea kuuma. Siti imeshikwa na bolti nne, spana namba 14. Kama kuna waya zenye plagi ya njano chini yake, chomoa nguzo hasi ya betri kwanza na usubiri angalau sekunde 90, kwa sababu plagi hizo ni za eabegi au mkanda.

Mwambie fundi siti avue kitambaa na kukuonyesha upande wa chini wa sponji. Mara nyingi utakuta nyaya za springi zimeitafuna na kuacha mifereji. Akibandika kipande cha sponji juu tu, mifereji inabaki na siti itabonyea tena palepale. Kazi sahihi ni kujaza kwa sponji ngumu, ile ambayo ukiibonyeza kwa kidole inarudi mara moja, kisha kuweka turubai au gunia zito kati ya springi na sponji. Njia nyingine ni kununua siti nzima ya mtumba kutoka Japani, Kariakoo zipo. Ikalie kwanza, na ushike ubavu wa upande wa mlango, kwani ndiko dereva anakopitia kila anapopanda na kushuka.

2. Kava za siti

Kwa pwani chagua kitambaa. Reksini hufutika kirahisi na inafaa ukibeba watoto au mizigo, lakini gari likianikwa juani inaunguza mapaja. Za kushonwa kwa vipimo vya gari lako zinazidi zile za saizi moja, ambazo huteleza. Ukiona lebo ya SRS AIRBAG ubavuni mwa siti, usikubali kava linalofunika sehemu hiyo, maana eabegi litazuiwa kufunguka.

3. Redio

Redio ya Kijapani inashika FM 76 hadi 90, wakati stesheni zetu zinaenda mpaka 108. Kifaa cha kuhamisha masafa ni rahisi, ila sauti hukwaruza. Tukichagua sisi, ni redio mpya ya kawaida yenye Bluetooth, bila skrini. Nunua pamoja na plagi ya Toyota ya kubadilishia, ili fundi asikate waya za gari. Kwenye redio nyingi za dukani waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi, mweusi ni ethi. Fundi akiunganisha mwekundu na njano pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio inaweza kubaki hai usiku kucha na kunyonya betri.

Spika zisubiri. Ukizibadilisha, pima kina cha sumaku kioo kikiwa kimeshushwa, la sivyo kitagonga. Ringi ya plai huisogeza spika nje, lakini ipakwe vanishi kwa sababu maji huingia mlangoni.

4. Kitambaa cha dari

Kinaachia kwa sababu sponji nyembamba iliyo nyuma yake imegeuka unga kwa joto. Kupulizia gundi juu ya unga huo ni kupoteza hela. Ubao wa dari ushushwe, unga ukwanguliwe wote, kisha kibandikwe kitambaa kipya chenye sponji kwa gundi inayohimili joto.

5. Kapeti za miguuni

Raba zenye kingo zinatosha. La dereva lishikwe na ndoano zake, na usilitandike juu ya lingine, kwani likisogea hukwama chini ya pedali.

Ziache dukani

Mafuta ya kung'arisha dashibodi hukusanya vumbi na kuakisi jua kwenye kioo cha mbele. Kava la usukani lililolegea ni hatari unapokata kona. Pima kipenyo cha usukani kwa futi kabla ya kununua, na likizunguka mkononi hata kidogo, rudisha.