TAHADHARI: Hakuna mtu wa "kusafisha jina" lako kwa siku tatu

Ndugu zangu, kuna watu wanazunguka kwenye magrupu ya simu wakijinadi kwamba wanasafisha majina ya wenye madeni. Umechelewesha mkopo, umeorodheshwa kuwa mdaiwa mbaya, kila unapoomba unakataliwa. Wao eti wana mtu wao ndani ya mfumo, siku tatu jina linakuwa jeupe. Msiwape hela. Mimi niliwapa.

Nilikuwa nyuma marejesho ya miezi minne. Jamaa aliongea kwa upole, hakunisema, na ukishachoshwa na simu za wadai upole wa namna ile unakuingia. Akataka "ada ya kufungua faili". Kesho yake "ada ya mfumo". Ikafuata "ada ya muhuri". Kisha akaniagiza jambo lililoniumiza kuliko hizo ada zote: nisipokee simu ya mkopeshaji wala nisilipe hata senti, tusije tukaharibu kazi. Nikatii. Wiki tano nzima riba inatembea na faini za kuchelewa zinapanda juu yake.

Mwishowe akanitumia picha ya barua ya kumaliza deni. Ukiitazama harakaharaka ina kila kitu: nembo, sahihi, muhuri wa bluu. Nikaikuza kwenye simu. Jina la mkopeshaji limepungua herufi moja na namba ya mkataba si yangu. Nilipomuuliza, akanifungia. Nikaomba taarifa yangu ya mikopo, yaani rekodi ya madeni yangu na ninavyoyalipa: deni liko palepale, tena limenenepa.

Jambo ambalo ningelijua mapema nisingeliwa ni hili. Kampuni ya taarifa za mikopo, ile inayotunza rekodi hizo, haitungi deni lako. Inapokea kile alichopeleka mkopeshaji. Kama deni ni la kweli, hakuna wa kulifuta kwa mlango wa nyuma. Ukilipa, litaandikwa kuwa limelipwa, lakini historia ya kuchelewa hubaki kwa muda uliowekwa na sheria. Marekani, kwa mfano, taarifa nyingi za namna hiyo hukaa hadi miaka 7, na sheria yao ya mwaka 1996 inakataza kampuni za kusafisha jina kudai malipo kabla ya kumaliza kazi. Kwa hiyo anayetaka chake mbele, mkimbieni.

Kama taarifa ina kosa, yaani ulishalipa na bado unasomeka mdaiwa, au deni ni la mtu mwingine, andika malalamiko mwenyewe na uambatanishe risiti. Huhitaji wakala.

Wapo pia wanaokushauri uombe mkopo kwa namba nyingine ya kitambulisho ili uanze upya. Huo ni udanganyifu, na atakayeshtakiwa ni wewe.

Mimi nilirudi kwa mkopeshaji niliyekuwa namkwepa. Aliuliza kipato changu, akapanga upya marejesho yawe madogo kwa muda mrefu zaidi, nami nikadai makubaliano kwa maandishi. Mazungumzo ya nusu saa tu, na sikulipa ada yoyote.

Kinachoninyima usingizi ni picha ya kitambulisho changu, mbele na nyuma, niliyomtumia yule tapeli, iliyobaki mikononi mwake. Naendelea kukagua taarifa yangu nisije nikakuta mkopo nisioujua. Kama nawe ulimtumia ya kwako, ripoti polisi leo, badili namba zako za siri, na umjulishe mkopeshaji wako.