Hedifoni za gemu kwa bajeti ndogo: uanze na ipi?

Kama pesa ni kidogo, nunua ya waya. Bluetooth ya bei rahisi huchelewesha sauti, unasikia hatua za adui akiwa ameshakufikia. Tena PS4 na PS5 hazipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja. Pini ya milimita 3.5 unaichomeka kwenye pedi ya kuchezea, kompyuta au simu yenye tundu lake, unaanza kucheza.

Chaguo langu la kwanza ni Razer BlackShark V2 X. Ina gramu 240 tu, spika za milimita 50, na inaziba masikio vizuri hata kelele za sebuleni zinapungua. Ilitoka mwaka 2020 kwa takribani dola 60. Anayekunyemelea kwa nyuma unamsikia upande anaotokea, na hiyo ndiyo kazi kubwa ya hedifoni ya gemu. Maiki yake haichomoki, basi usiinunue kwa ajili ya kusikilizia muziki kwenye daladala.

Ya pili ni HyperX Cloud Stinger 2. Inamfaa sana anayecheza na timu: ukiinua maiki juu inajizima, mama akiita unaitika bila kutafuta kitufe. Tatizo ni ngozi bandia inayogusa masikio. Kwa joto la Dar au Mombasa, utatoka jasho.

Hapo ndipo Logitech G335 inapopata nafasi yake. Pedi zake za masikio ni za kitambaa, na uzito ni gramu 240. Nimeiweka ya tatu kwa sababu spika zake ni za milimita 40, ilhali ilitoka kwa bei ya juu zaidi, dola 70.

Za mwisho ni zile zisizo na jina, zenye taa za rangi. Nyingi zina waya wa USB wa kuwashia taa tu, na pesa ya maiki ndiyo iliyobaniwa. Neno "7.1", yaani sauti ya kukuzunguka pande zote, kwenye boksi lisikupandishie bei, kwa hedifoni za daraja hili, hiyo ni kazi ya programu ya kompyuta, na kwenye simu haikusaidii.

Ukiwa dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, chomeka kwenye simu, jirekodi ukiongea, kisha jisikilize. Ivae dakika kumi huku mkiendelea kupatana bei. Kompyuta yako ikiwa na matundu mawili, moja la maiki na jingine la sauti, dai waya wa kugawanya kabla hujalipa.